Mwaka Uliponiomba Niwe Pua Yako

Mpendwa Baba Wawuda,

Siku ya kwanza nilipokuona nilikuwa nimeambiwa kwamba unakuja kuua. Mwalimu mkuu alinituma getini nikupokee. "Mwalimu Akinyi," alisema, "kuna mtu wa popo anakuja. Mwonyeshe dari ya maabara, amalize hiyo kazi kabla wanafunzi hawajarudi." Nilishuka getini kwa furaha. Nilikuwa nimefundisha kemia katika chumba kile tangu nilipoajiriwa Voi, na harufu ya popo ilikuwa imeshinda kila kemikali niliyokuwa nayo kabatini. Nikifungua chupa ya amonia mbele ya darasa, wanafunzi walitazama juu.

Ulikuja na begi mgongoni na tochi kichwani. Nilikukagua mikono nikitafuta mtungi wa dawa, sikuuona.

"Dawa iko wapi?" nilikuuliza.

"Dawa gani?"

"Ya kuua popo."

Ulinitazama kama mtu aliyesingiziwa. "Madam, mimi sikuja kuua mtu."

Nilikasirika. Nilikuazima ngazi ya shule, nikasimama mlangoni mikono nimekunja, nikangoja uniambie kazi haiwezekani. Ulipanda, ukatoa ubao mmoja wa dari, ukaingiza kichwa na bega, ukakaa huko muda mrefu ukiongea peke yako. Uliposhuka ulikuwa umefumba kiganja, na ndani ya glavu mlikuwa na kiumbe kidogo cha rangi ya kahawia kisichotimia hata ukubwa wa yai la kuku, mkia wake umechomoza nje kama wa panya. Ulipuliza taratibu juu ya kichwa chake. Katikati ya masikio kukasimama kishungi cha nywele.

"Huyu ni dume," ulisema. "Kishungi hiki kwa kawaida amekilaza, hukioni. Anakisimamisha akitaka jike. Hapa chini kwenye shina la nywele kuna tezi, inatoa harufu. Nusa."

"Nimenusa miaka yote."

"Ile umekuwa ukinusa ni ya choo chao. Hii ni ya mwenyewe."

Sijui kwa nini nilikubali. Niliinama nikanusa, na kwa kweli haikuwa ile niliyoizoea. Ilikuwa nzito, yenye utamu wa kuudhi kidogo. Nikakwambia inanikumbusha makapi ya mkonge yakishalala juani siku mbili, na nyuma yake kuna kitu kama karanga zilizotoka kukaangwa. Ulisahau popo mkononi. "Rudia," ulisema. Nikarudia. Ukanusa tena wewe mwenyewe, ukafumba macho, ukasema, "Karanga. Ni kweli, ni karanga."

Hapo ndipo ulipoketi kwenye meza yangu ya majaribio ukanieleza yote bila kuulizwa. Kwamba umezaliwa Chawia, umesoma mpaka ukachoka, ukarudi nyumbani kuchunguza popo wanaoishi kwenye mapaa ya watu, kuanzia Voi hadi milimani. Kwamba kwenye ufa mmoja wa dari hukaa dume mmoja na majike kadhaa, na dume huyo hujisugua ukutani na kwa majike wake mpaka ufa mzima uwe na harufu yake, na dume mgeni akiingia anajulikana kabla hajaonekana. Kwamba majike ndio wanaochagua. Hilo la mwisho ulilisema ukitazama pembeni.

Popo hukuwatoa wiki ile. Ulimwambia mwalimu mkuu kwamba kuna watoto ambao hawajajua kuruka, na ukiziba tundu watafia ndani, na kwa harufu ya mizoga atakukumbuka. Alinung'unika, akangoja. Watoto walipoanza kuruka ulifunga wavu kwenye matundu, wavu wa kumruhusu popo atoke lakini asipate njia ya kurudi, ukatundika masanduku ya mbao nyuma ya bweni ili wapate pa kwenda. Wakahama. Wewe ukaendelea kuja shuleni. Kila mara ulikuwa na sababu.

Unakumbuka jioni uliyonipeleka mtoni? Mto Voi ulikuwa mchanga mtupu. Tulisimama chini ya mkuyu, jua likizama, nawe ukaniambia ninyamaze. Juu yetu kulikuwa na mlio, kama mtu anagonga chupa kwa kijiko, anapumzika, anagonga tena. Ulinionyesha kwa kidole. Alikuwa popo wa matunda, mkubwa, uso kama wa mbwa mdogo, na kila alipolia mabega yake yalifunguka, manyoya meupe yakachomoza kama pamba kutoka kwenye mto uliochanika. Ulisema yale manyoya nayo yana harufu. Anapigapiga mabawa ili upepo uipeleke. Jike anakuja, anaelea mbele yake, anasikiliza, ananusa, na kama hakupendezwa anakwenda mti wa pili.

"Na akishakataliwa?" niliuliza.

"Anaendelea kulia. Kesho pia atalia."

"Na wewe?"

Ulifikiri. "Mimi sina manyoya mabegani."

Nilicheka mpaka yule dume akanyamaza. Miezi michache baadaye nilikupeleka kwa baba yangu, ambaye alikuja Voi akiwa kijana kutoka magharibi kufanya kazi ya reli na hakurudi kwao tena. Alikuuliza unafanya kazi gani, ukamjibu kwa adabu zote kwamba unachunguza jinsi popo wanavyochumbiana. Mzee alinigeukia, akanitazama kwa huruma. "Na hiyo ni kazi?" aliniuliza kwa Kijaluo. Nikamwambia ni kazi. Akasema basi na aje na wazee wake.

Kwenu Chawia nilifika nikiwa na hofu, kwa sababu watu walinitisha kwamba mama yako hatakubali mke kutoka mbali. Mama alinishika mkono mlangoni, akanipeleka moja kwa moja jikoni, akanikabidhi mwiko. "Hapa tunakula kimanga," alisema. "Usipojua kukiponda, mume wako atakuwa mgeni wangu kila Jumapili." Nikaponda muhogo na maharagwe mpaka mabega yakauma. Alionja, akasema kinahitaji mkono zaidi, na tangu siku hiyo akawa ananiita mwanangu. Alipozaliwa Wawuda alishuka mlimani na kuku wawili na mkungu wa ndizi, akakaa nasi mpaka kitovu kikakauka na zaidi.

Miaka hiyo ndiyo ninayoirudia sana. Jumamosi tulipanda mapaa. Shule, zahanati, nyumba za watu waliotukaribisha na waliotushangaa. Ulikuwa na swali moja lililokunyima raha: je, jike anaijua harufu ya dume wa ufa wake na kuitofautisha na ya dume mgeni? Tulipangusa vishungi vya madume kwa pamba, pamba ya huyu upande huu wa kisanduku, pamba ya yule upande ule, kisha tukamweka jike katikati na kungoja atambae wapi. Mimi niliandaa pamba, kwa sababu mkono wangu umezoea maabara. Wengi walikwenda kwa dume wao. Lakini kulikuwa na jike mmoja kutoka paa la zahanati ya Mwatate, tulimjaribu tena na tena, na kila mara alikwenda kwa mgeni bila hata kugeuza kichwa. Ulijaribu kueleza ni kwa nini, ukashindwa, ukaishia kumwachilia dirishani. "Huyu ana mambo yake," ulisema.

Kisha ikaja ile jioni ya maharagwe. Nilikuwa kwa jirani na Wawuda, nikarudi, na tangu getini nikanusa sufuria inaungua. Nilikimbia. Ulikuwa umeketi hapo hapo jikoni, kitabu mkononi, moshi unakupita kichwani.

"Kwani hunusi?" niliuliza.

"Kunusa nini?"

Tulicheka. Ulikuwa umetoka kuugua mafua, na sote tulijua watu waliopoteza kunusa wakati wa korona kisha wakapona. Zahanati wakakupa dawa ya matone. Ukatia matone, ukangoja. Ukanusa kahawa, ukanusa vitunguu, ukanusa mafuta ya taa. Hukusema kitu, nami sikukusukuma, mpaka Jumamosi moja tukiwa kwenye paa la shule ya msingi huko Bura. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Nilikuona umemleta dume puani, ukakaa hivyo, ukamzungusha, ukamleta tena. Ukamrudisha ufani. Uliposhuka uliketi kwenye nyasi na glavu zako mkononi.

"Akinyi, sipati kitu."

Niliketi kando yako. Wanafunzi walikuwa wanacheza kandanda, mpira ukaja miguuni pako na hukuurudisha.

"Mtu anayechunguza harufu," ulisema, "hanusi." Kisha ukaniambia kama mtu anayeomba chumvi, "Utakuwa pua yangu?"

Nikakubali, na nikadhani ni kazi ya popo tu. Nilimnusa kila dume uliyenishushia. Nilikwambia huyu ni karanga zaidi kuliko mkonge, huyu ana kitu kama siagi iliyochacha, huyu amelala karibu na rangi mpya ya nyumba kwa hiyo simwamini. Ulinisikiliza kama ambavyo hujawahi kunisikiliza tukizungumza mambo ya nyumbani. Lakini baada ya muda ulianza kuniuliza mambo mengine. Ardhi ya Mwatate inanukaje baada ya mvua ya kwanza? Kanisani leo kulinukaje? Kichwa cha Wawuda je, bado kinanuka maziwa, au amekua? Nikawa mtu wa kusema harufu kwa sauti. Nilikwambia lori la mkonge limepita. Nilikwambia jirani anakaanga samaki na mafuta yake ni ya juzi. Usiku kabla hatujalala uliniuliza wewe mwenyewe unanukaje, nami nikakwambia, na hayo yabaki yetu.

Sijawahi kuwa karibu na mtu kama nilivyokuwa karibu nawe mwaka ule. Ni ajabu kusema hivyo kuhusu mwaka ambao ulikuwa unaugua na hatujui.

Maumivu ya kichwa yalipoanza, na ukasahau njia ya kutoka Wundanyi, njia uliyoipita tangu utoto, ndipo tulipokwenda Mombasa kupigwa picha ya kichwa. Daktari alituonyesha kwenye kioo. Uvimbe ulikuwa mbele ya ubongo, umekandamiza mahali ambapo mishipa ya kunusia hupita. Alisema ulikuwa unakua polepole, labda kwa miaka, na kwamba kupoteza harufu ndiko kulikuwa sauti yake ya kwanza. Nilimuuliza ni nini kilichouleta. Alisema kwa kawaida hakuna anayejua. Nilimuuliza kuhusu popo, kwa sababu nilijua nitaulizwa. Alitikisa kichwa. Alisema hapana, na akalirudia.

Ulinikataza nisimtishe Mama. Ulimpigia simu wewe mwenyewe kutoka wodini, sauti yako ya kawaida kabisa, ukamwambia ni uvimbe tu, wanautoa, wiki mbili zijazo utakuwa Chawia kula kimanga. Nami niliamini, kwa sababu daktari pia alikuwa na matumaini. Ulipoingizwa kwenye chumba cha upasuaji ulinikonyeza. Ulitoka ukiwa hai, ukafumbua macho siku moja, kisha ikaja homa, na dawa zikashindwa. Tulikupandisha mlimani ukiwa kwenye sanduku, na ukungu ulikuwa umeshuka hata wabebaji hawakuonana.

Mama hakulia siku ya maziko. Alikaa kwenye kiti chake na kanga nyeusi mabegani, akikodoa macho. Watu walipoondoka aliniita jikoni, mahali pale pale aliponikabidhi mwiko.

"Ugonjwa ulianzia puani," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mwanangu alikuwa akiwaweka popo puani."

Nilimweleza alivyosema daktari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari hakumzaa," alisema. "Alikuwa akiwanusa mpaka kikamwingia kitu. Na wewe ulikuwa umemshikia ngazi."

Nilirudi Voi na maneno hayo. Sikumchukia, nataka ulijue hilo. Nilikaa nikijiweka mahali pake. Mtoto wake alikuwa mzima, akapoteza harufu, akafa, na kabla ya hapo alitumia miaka akivuta pumzi kutoka kichwani mwa popo. Mtu asiyeiona ile picha kwenye kioo angefikiri nini kingine? Lakini ilinikata. Simu zangu hazikupokelewa. Akitaka kuongea na Wawuda alipiga kwa jirani, na kila mara alimsisitizia mtoto asikaribie darini. Likizo ya Agosti alimtuma mjomba wako amchukue Wawuda, na mjomba akaniambia kwa aibu kwamba Mama angependa mtoto abaki Chawia kabisa, asome huko. Nilikataa. Mjomba akanywa chai yake akaondoka.

Mimi niliendelea kufundisha. Bado nasema harufu kwa sauti. Juzi nilikuwa natembea na Wawuda sokoni nikasema, "Maembe yameanza kuoza upande huu," akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia nimezoea. Kuna siku nyumba nzima inanuka kitu fulani, mvua, au sabuni mpya, nageuka nikuambie, na ule mgeuko ndio unaoniuma kuliko maziko yenyewe. Sikujua kwamba nitabaki na kazi hii na hakuna wa kumpelekea.

Sasa nikupe habari zilizonifanya nikuandikie.

Mwaka huu kanisa la kwenu waliamua kubadilisha paa. Unajua ile dari ya juu ya madhabahu, wewe ndiye uliyenionyesha popo wake tulipokwenda kuandikisha ndoa. Kamati ilikaa, na akina mama, ambao mwenyekiti wao ni Mama, wakapendekeza popo wafukizwe kwa moshi wa pilipili kabla mafundi hawajaanza. Kasisi alinipigia. Alisema anakumbuka ulivyokuwa ukisema kuhusu watoto wa popo, na kama naweza kuja kuwaeleza. Ulikuwa ndio msimu wenyewe. Nilijua kwamba juu ya dari ile kuna watoto ambao hawajaota hata manyoya.

Nilipanda Chawia. Kwenye kikao Mama aliketi benchi la mbele, hakunitazama. Nilisema tungoje mpaka watoto waruke, kisha tufunge wavu kama ulivyofunga shuleni, na kwamba masanduku uliyoyatengeneza bado yako nyuma ya nyumba, nitayaleta. Mzee mmoja aliuliza harufu wataivumilia mpaka lini. Kabla sijajibu, Mama alisimama.

"Mimi nimeshazika," alisema. "Mnataka nani mwingine azike?"

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, yote ya kweli, na nikaona hakuna hata moja linaloweza kusimama mbele ya mama yako.

"Hata mimi nimezika, Mama," nilisema, nikaketi.

Kasisi aliahirisha uamuzi. Jumamosi iliyofuata nilipanda tena, nikapime matundu kwa ajili ya wavu, endapo wangekubali. Kanisa lilikuwa wazi. Nilidhani hakuna mtu, kisha nikamwona Mama amesimama katikati ya mabenchi na ufagio. Ilikuwa zamu yake ya kufagia. Alikuwa anatazama sakafuni.

"Kimeanguka," alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, ukitoa yale ya kikao, tangu maziko.

Kilikuwa kitoto cha popo, cheusi, uchi, macho hayajafunguka vizuri, kinalia kwa sauti nyembamba kama mlango unaofunguliwa mbali. Angeweza kukipiga kwa ufagio. Alikuwa amesimama tu.

"Mama yake yuko juu?" aliuliza.

"Yuko."

"Wako wengi huko. Atajuaje ni chake?"

"Atakijua kwa sauti," nikasema. "Na akishafika karibu, atakinusa. Kila kimoja kina harufu yake, na mama anaijua."

Nilivaa glavu, nikakiokota, nikapanda kwenye benchi, nikatundika gunia ukutani chini ya ufa ili kipate pa kushika, nikakining'iniza hapo. Nilipogeuka kumuaga, Mama alikuwa ameketi, ufagio magotini. Nikaketi upande wa pili wa benchi.

Tulikaa mpaka jua likaingia kwenye madirisha ya magharibi na popo wakaanza kutoka. Walichomoka mmoja mmoja, wakapita juu yetu kwenda nje. Kitoto kililia bila kukoma. Jike mmoja alishuka ukutani akitambaa, akafika kwenye gunia, akanusa, akaondoka. Akaja mwingine. Huyo alikaa zaidi kidogo, nikadhani ndiye, naye akaondoka.

"Siye," Mama alisema kwa sauti ya chini.

Wa tatu, au wa nne, sikuhesabu, alikuja mbio, kichwa chini. Alipeleka pua kwenye utosi wa kitoto, akaiacha hapo. Kitoto kilinyamaza. Kikatambaa chini ya bawa lake, akakifunika, na akapanda nacho ukutani polepole, akisimama na kuendelea, mpaka wakaingia ufani.

Nilipomtazama Mama, machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye mpini wa ufagio. Nilisogea nikamshika mkono. Aliuacha mkononi mwangu.

"Sikumnusa," alisema. "Walimleta sanduku limefungwa. Mimi nilimzaa, Akinyi. Ningekuja Mombasa. Ningetembea kwa miguu. Aliniambia ni uvimbe tu."

"Alidhani ni uvimbe tu, Mama. Hata mimi nilidhani atarudi."

"Alikuwa akinukaje?" aliuliza. "Siku za mwisho."

Nikamwambia. Kati ya watu wote duniani mimi ndiye niliyekuwa na jibu la swali hilo, kwa sababu ulinifundisha kulitafuta. Nilimwambia ulinuka sabuni ya hospitali, na chini ya sabuni, pale shingoni nyuma ya sikio, ulinuka kama siku zote, kama shuka lililoanikwa juani. Aliitikia kwa kichwa kwa muda mrefu. "Ndivyo alivyokuwa hata akiwa mtoto," alisema. "Ndivyo kabisa."

Kikao cha pili hakikuchukua muda. Mama alisimama akasema tungoje watoto waruke, akaketi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza amebadilishwa na nini. Tukangoja. Jumamosi iliyopita vijana wa kanisa walifunga wavu kwenye matundu, na jioni tulisimama wote nje, hata wale walioshika pua, tukawatazama wakitoka. Wengine walizunguka wakitafuta njia ya kurudi, wakachoka, wakaenda kwenye masanduku yaliyotundikwa kwenye miti ya mpaka wa shamba la kanisa. Si wote. Baadhi walikwenda wanakokujua wao. Mafundi wanaanza Jumatatu.

Nililala kwa Mama siku hiyo, mimi na Wawuda. Baada ya chakula mtoto alisinzia kwenye mkeka, nasi tukabaki jikoni, moto umekaribia kuzima. Mama akasema, "Alikuwa akija hapa ananieleza kazi yake, na mimi namjibu 'ehe, ehe' huku nachambua mboga. Sikuwa namsikiliza. Nilidhani ni mambo ya shule. Hebu nieleze wewe."

Nikaanza. Nilimweleza kuhusu dume na kishungi chake, jinsi anavyokilaza na anavyokisimamisha, na ile tezi iliyo chini ya nywele. Mama aliziba mdomo kwa kanga akacheka. "Kumbe wanajipaka manukato kama vijana wa Krismasi." Nikamweleza jinsi anavyosugua ukuta na majike wake mpaka ufa uwe wake. Nikamweleza kuhusu pamba na kisanduku, na mambo ambayo hukuyamaliza, na kwamba nimeamua kuyaendeleza, Jumamosi kwa Jumamosi, mpaka nijue. Niliyasema kwa maneno yako, kwa sababu sina mengine. Kuna mahali nilijikuta hata nachezesha mikono unavyochezesha wewe.

Makaa yalikuwa yamebaki mekundu kidogo tu. Mama alikuwa amefumba macho, kichwa kimeegemea ukuta. Nilidhani amelala, nikanyamaza.

"Endelea," alisema bila kufumbua macho. "Bado namsikiliza."

Nami nikaendelea, Baba Wawuda, mpaka niliposikia amelala kweli. Pumzika. Huku tunatunzana.

Mkeo anayekupenda,
Mama Wawuda